Nyumba ya Chatu Mudogo: Namna Tulivyoijenga Mara ya Pili

Tangu sisi wa Biolojia-Kemia tuweke lile sanduku kubwa nyuma ya laboratware, maulizo yamekuwa mengi. Wengine wanauliza kama ni kweli tunachunga nyoka. Wengine hawaulizi, wanapita tu mbali. Mama mumoja wa sokoni alimwambia mwenzetu kwamba hatamuuzia tena mikate, maana mikono yake inashika nyoka. Basi tumeona vema kueleza jambo lote hapa, ili mutu asiseme kwamba tunaficha kitu.

Kweli, nyoka iko. Tena huyu ni wa pili. Wa kwanza alikufa mikononi mwetu, na hakufa kwa ugonjwa aliotoka nao kwao. Alikufa sababu ya nyumba mbaya tuliyomujengea. Ndiyo maana tunaandika zaidi juu ya nyumba kuliko juu ya nyoka mwenyewe.

Huyu ni chatu mudogo, Wafaransa wanamwita python royal. Kwetu watu wanasema tu « boa », lakini boa wa kweli ni nyoka wa aina ingine. Hana sumu. Akiogopa, anajikunja mviringo kama mpira na kuficha kichwa katikati, na kwa hiyo kwa Kiingereza anaitwa pia chatu wa mpira. Anakaa katika inchi za majani tangu Senegal mpaka kaskazini-magharibi ya Uganda. Akikomaa ana metre moja, ao moja na nusu kwa jike mukubwa. Musimuchanganye na chatu mukubwa wa Afrika, yule anayeweza kupita metre 4 na kumeza mbuzi. Mutoto wa yule naye ni mudogo na muzuri, lakini ana alama nyeusi kama ncha ya mushale juu ya kichwa. Ukiona alama ile, hapana kujaribu kumuweka nyumbani.

Wa kwanza tulimuweka katika sanduku la sabuni, juu ya simenti, karibu na dirisha. Tulitia bakuli ya maji na majani makavu, basi. Tulifikiri kwamba mnyama wa Afrika hawezi kusikia baridi katika Afrika. Kumbe hapa kwetu tuko juu kupita metre 1200, na usiku wa mvua sisi wenyewe tunalala na blanketi mbili. Damu ya nyoka haijipashi moto yenyewe kama yetu. Kama inje ni baridi, tumbo lake halisagi chakula, na mapafu yake yanashindwa kupigana na ugonjwa. Halafu kila mapumziko tulimutoa ili watoto wa darasa la kwanza wamuone. Kisha wiki tatu alikuwa akifungua kinywa kupumua, na mapovu yakatoka. Siku mbili baadaye tulimukuta amenyooka. Tulimuzika bila kusema kitu, na haya tulisikia.

Huyu wa pili aliletwa katika mufuko na mulimaji mumoja wa upande wa mpaka wa Uganda. Alikuwa amemupiga jembe pembeni, kisha akaona huruma. Mwalimu wetu wa biolojia alienda kwanza kwa watu wa Mazingira, kwa sababu chatu wote wako chini ya mapatano ya CITES, na inchi yetu iliingia humo mwaka 1976. Tulikubaliana hivi: tutamuchunga mpaka kidonda kipone, kisha atarudishwa pale alipotoka.

Sanduku jipya lina urefu wa santimetre 120, upana 60 na kimo 50. Kanuni ni rahisi: urefu na upana vikijumlishwa visipunguke urefu wa nyoka, na vikizidi ni vizuri zaidi. Mbao tulizipaka verni ndani na kuziacha inje wiki mbili mpaka harufu iishe. Mbele tuliweka kioo cha dirisha la zamani, kinaingia katika mufereji na kufungwa na kufuli. Hapana kucheka kufuli! Chatu anasukuma kifuniko usiku kucha bila kuchoka, na pahali kichwa chake kinapita, mwili wote utafuata. Matundu ya hewa yako pande mbili, yamefunikwa na waya wa kuchungia unga, na ncha za waya tulizipigilia kwa inje ili asijikwaruze pua.

Sasa moto. Hapa ndipo kazi yenyewe iko. Nyumba ya chatu haitakiwi kuwa na joto sawasawa kila pahali. Upande mumoja uwe degre 32 hivi, upande wa pili 26, naye atajichagulia: akitaka kusaga chakula anaenda kwenye joto, akishiba joto anarudi. Kama pote ni moto hana pa kukimbilia, na kama pote ni baridi vilevile. Wenye umeme wa siku zote wanatumia kitambaa cha moto chini ya sanduku, pamoja na kifaa kinachokata umeme joto likipita kipimo. Sisi umeme wetu unakuja jioni na kuondoka unavyotaka. Basi tulipigilia sakafu ya pili, na chini yake, upande wa kushoto, tunaingiza bidoni mbili za maji ya moto zilizofungwa katika blanketi la zamani. Tunazibadilisha saa mbili usiku, saa sita, na saa kumi na moja alfajiri. Wa zamu analalamika, lakini termometre haijashuka chini ya 24 tangu mwezi wa pili. Mwenzetu mumoja alitaka tuweke mbabula ya makala. Tulikataa: moshi ungemuua nyoka, na cheche ingechoma laboratware.

Kitu cha pili tulichokosa zamani ni maficho. Porini chatu huyu anakaa muchana ndani ya kichuguu ao katika tundu la panya, na anatoka usiku. Akikaa wazi anaishi na woga, na mwenye woga hali. Tulichukua vyungu viwili vilivyopasuka, tukavigeuza chini juu na kukata mulango mudogo. Kimoja kiko upande wa joto, kingine upande wa baridi. Lazima viwe viwili, maana akiwa na kimoja tu atabaki humo hata kama joto linamuumiza, kwa kuogopa kuonekana. Tena visiwe vikubwa: anapenda mgongo uguse ukuta.

Chini tunatandika karatasi, kwa sababu ya kidonda. Kikipona tutatia maganda ya nazi ao udongo safi. Bakuli ya maji ni nzito ili asiipindue. Macho yakigeuka rangi ya maziwa, anakaribia kuvua ngozi, na hapo tunaongeza kitambaa chenye maji ndani ya chungu. Ngozi ikitoka nzima kama soksi, hewa ni nzuri. Ikitoka vipande vipande, ni kavu mno.

Juu ya chakula tuseme kidogo. Panya mumoja kila wiki mbili, asipite unene wa nyoka, tena awe amekwisha kufa, maana panya muzima anauma. Wa kwanza alipata jeraha hivyo. Akikataa kula, hapana kumulazimisha: anaweza kukaa miezi bila chakula na asikonde sana. Akila, siku mbili hakuna kumushika. Na kila anayemushika ananawa mikono na sabuni, kwa kuwa nyoka anaweza kubeba salmonella.

Rafiki watatu wametuambia kwamba wanataka wao pia wa nyumbani. Tunawajibu hivi. Kwanza, karatasi ya Mazingira. Pili, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, jike mumoja alipelekwa pale mwaka 1961. Mwaka 2020 alitaga mayai 7, akiwa na miaka zaidi ya 60, bila kukaribia dume kwa miaka 15 ao zaidi. Wengi hawafiki pale, lakini miaka 20 ao 30 ni kawaida. Ninyi mutakuwa mumeoa na kuhama, bidoni zitachemshwa na nani?

Kidonda cha wetu kimefunga, bado kidogo tu karibu na mukia. Wanaotaka kumuona waje siku ya tano saa kumi, watu watano watano, bila kupiga kioo. Na anayekuwa na bidoni ya lita tano isiyovuja atuletee, kwa sababu moja yetu imeanza kutoka maji.