Waliotuchekesha Nao Huzeeka

Akina mama wenzetu, ni nani kati yetu aliyelelewa Kenya miaka ya 1980 na 1990 asiyemjua Mzee Ojwang Hatari na Mama Kayai? Wengi wetu tuliwafahamu wawili hao kuliko tulivyowafahamu binamu zetu wa mbali. Waliingia nyumbani mwetu bila kupiga hodi, na walipoanza kugombana, mama aliacha mwiko, baba akakunja gazeti, na watoto waliokuwa wakizozania kiti wakanyamaza mara moja.

Mwezi huu tungependa kuwakumbuka waigizaji hao wa zamani. Tunafanya hivyo kwa furaha, maana walitupa furaha nyingi. Lakini sisi tulio wauguzi tunalo neno jingine pia la kusema, kwa sababu baadhi ya wazee hao, na wazazi wetu wa rika lao, tunakutana nao sasa katika foleni za kliniki na vitandani wodini.

Televisheni moja, majirani wote

Watoto wetu wa leo wanashangaa tunapowaambia kwamba hatukuwa na la kuchagua. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Baada ya Uhuru kituo kikaitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 kikarudia jina la KBC. Mpaka KTN ilipoanzishwa mwaka 1990, nchi nzima ilitazama kituo kimoja. Kilichochekesha Kisumu ndicho kilichochekesha Nyeri na Mombasa, usiku ule ule, saa ile ile.

Na televisheni zenyewe zilikuwa chache. Huko mashambani ambako stima haikuwa imefika, ile ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliendeshwa kwa betri ya gari, na betri ikiisha ilipelekwa sokoni ikachajiwe. Kijana mmoja alitumwa nje kuzungusha mlingoti wa eriali huku wa ndani wakipaza sauti, "Hapo hapo! Umepitisha! Rudisha kidogo!" Majirani walikuja na watoto wao, wakubwa wakaketi vitini na wadogo sakafuni. Mama mwenye nyumba alijua kwamba jioni ya Vitimbi sufuria ya chai sharti iwe kubwa.

Jumapili tulikuwa na Joy Bringers, kwaya zikiimba na sisi tukiwatafuta watu tunaowajua katika safu ya sauti ya pili. Vilikuwapo pia Vioja Mahakamani, ambako washtakiwa walileta mbele ya hakimu visingizio ambavyo hata mtoto wa darasa la tatu angevikataa. Majina yao peke yake yalitosha kutuchekesha: Makokha Makacha, Otoyo Obambla, Masanduku arap Simiti.

Ndoa ya Ojwang na Mama Kayai

Kwa sisi wake, Vitimbi kilikuwa na utamu wake. Ojwang alikuwa mume mwenye mipango mingi na maneno mengi zaidi, anayejiona ndiye mwenye nyumba. Mama Kayai alikuwa mke asiyedanganyika. Alimsikiliza, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, na kabla hajafungua kinywa sisi tulikuwa tumekwisha kucheka, maana tulijua kinachofuata.

Tuliona nini pale? Tuliona nyumba kama zetu. Pesa zilizopotea, mgeni aliyekuja bila taarifa, mume aliyerudi na hadithi isiyo na kichwa wala miguu. Mambo ambayo mke angeyanung'unikia peke yake jikoni yalitendwa mbele ya watu wote, na mume wake mwenyewe akayacheka. Wako waume waliojifahamu katika Ojwang bila kuambiwa na mtu. Mafundisho ya namna hiyo huingia kwa urahisi, kwa sababu hakuna aliyenyoshewa kidole.

Wengi walidhani wawili hao ni mume na mke kweli. Haikuwa hivyo. Mama Kayai ni Mary Khavere, na Ojwang alikuwa Benson Wanjau, kila mmoja akiwa na nyumba yake. Ndoa ile ilikuwa kazi yao, nao waliifanya vizuri hata tukaisadiki.

Jina ambalo hatukulitarajia

Hilo jina la Benson Wanjau liliwashangaza wengi lilipojulikana. Mzee Ojwang aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ambaye watu wa Nyanza walimwona kuwa ndugu yao, alikuwa Mkikuyu. Kwa miaka mingi alibeba jina la kabila jingine na matamshi yake, na wenyewe hawakumkataa. Walimpenda.

Tusifiche kwamba mzaha wa lafudhi una hatari zake. Mtoto anaweza kutoka sebuleni akaenda shuleni kumdhihaki mwenzake kwa jinsi anavyotamka, na hapo mzaha umekuwa tusi. Tena si kila kichekesho cha enzi hizo kilifaa masikio ya watoto. Ulevi, kwa mfano, ulichekwa mno, na mke wa mlevi hana cha kucheka. Mama mwenye busara alijua wakati wa kumtuma mtoto akalete maji.

Hata hivyo, tukipima yote, tunaona tofauti kati ya kumcheka mtu na kucheka naye. Katika vipindi vile kila kabila lilipata zamu yake. Mluhya alichekwa, Mkisii akachekwa, Mkalenjin naye, na hakuna aliyetoka pale akiwa mdogo kuliko wenzake. Nchi yetu imepita katika siku za giza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na majirani walioketi sakafu moja wakitazama televisheni moja walikimbiana. Wakati huo jina la mtu lilitosha kumponza. Ndiyo maana tunalikumbuka kwa heshima jambo alilolifanya Wanjau, kuvaa jina la jirani kwa miaka yote ile na kulifanya lipendwe katika kila nyumba.

Macho yalipofifia

Mwaka 2012 habari zilienea kwamba Mzee Ojwang anasumbuliwa na macho na kwamba hana uwezo wa kugharimia matibabu. Wengi walishtuka. Tulizoea kumwona kwenye kioo, tukadhani aonekanaye kila wiki hawezi kukosa kitu. Tulisahau kwamba msanii, kama mwashi au mshonaji, hulipwa anapofanya kazi, na kwa walio wengi hakuna pensheni inayowangoja uzeeni.

Lakini hapa pana jambo la kututia moyo. Wakenya walichanga. Hawakuuliza Ojwang ni wa kabila gani, wala hawakungoja msiba ili wachange kwa ajili ya jeneza na mabasi. Walichanga mzee akiwa hai ili atibiwe, naye akajua kwamba anapendwa. Aliishi miaka mingine mitatu. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78, baada ya kuugua nimonia.

Sisi tunaohudumia wagonjwa tunajua jinsi jambo hilo lilivyo adimu. Mara nyingi tunaona mzee akilazwa majuma mawili bila mgeni, na siku anapokata roho ndugu wanajaa uani, kamati inaundwa, na fedha ambazo zingenunua dawa zinanunua maua. Tunachelea kusema hivi, lakini ni kweli.

Dalili zinazoonekana mbele ya televisheni

Turudi sebuleni, basi. Mahali pale pale tulipochekea na wazazi wetu ndipo tunapoweza kutambua kwamba wanahitaji msaada. Wazee wengi hawasemi. Wanaona haya, au wanaogopa kutuongezea gharama. Lakini ukiketi nao wakitazama kipindi, utaona mengi.

Mzee anasogeza kiti kila mara hadi karibu na kioo, au anasema picha ina ukungu ilhali wewe unaiona vizuri. Huenda ni mtoto wa jicho. Hali hii huwapata wengi uzeeni, na upasuaji wake ni wa muda mfupi; mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Asiwekewe jichoni maji ya mitishamba wala dawa ya jirani.

Mzee anaona kilicho katikati ya kioo lakini anagonga meza iliyo kando anapoinuka. Huenda ni presha ya jicho. Ugonjwa huu huja bila maumivu, na uwezo wa kuona uliokwisha kupotea haurudi. Ukigunduliwa mapema, dawa za matone huweza kuulinda uliobaki. Kama katika ukoo yuko aliyewahi kuupata, sisi wenyewe tuliovuka miaka 40 tukapimwe. Mwenye kisukari naye apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Mzee anaongeza sauti hadi majirani wanasikia, au wote wanacheka yeye akiwatazama nyuso ili ajue kama wakati wa kucheka umefika. Huyo apimwe masikio. Pengine ni nta tu iliyoziba, na kituo cha afya kitaisafisha.

Mzee aliyependa vichekesho sasa hacheki kabisa, hataki kula, analala mchana kutwa, au ghafla anachanganya majina ya watoto wake. Usiseme tu, "Ni uzee." Nimonia kwa mzee huweza kuja bila homa kali wala kikohozi kikubwa. Ukiona amechanganyikiwa ghafla na anapumua kwa haraka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Kuhusu gharama, hakikisha mzazi ameandikishwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Uliza pia kwa chifu kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali wa Sh. 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Fedha hizo ni kidogo, na wakati mwingine huchelewa, lakini ni haki ya mzee anayestahili na si aibu kuziulizia.

Kicheko ni msaada

Kuna wanaouliza kama kicheko kina faida yoyote kwa mgonjwa. Hatuwezi kusema kwamba kinaponya ugonjwa. Asiyetumia dawa zake za presha hataokolewa na Vitimbi. Lakini tumeona wodini kwamba mgonjwa anapocheka huvuta pumzi kwa kina, misuli hulegea, na hata aliyenuna tangu asubuhi hukubali kijiko cha uji. Waliopasuliwa tumbo tunawafundisha kukumbatia mto juu ya kidonda kabla ya kukohoa au kucheka, ili wasiumie sana. Tumewaona wakiukumbatia mto huo huku wakicheka hadi machozi, nao hawakutuomba tuzime televisheni.

Siku hizi kila mmoja nyumbani ana simu yake. Baba anacheka peke yake kwenye kochi, kijana anacheka chumbani, na bibi anakaa katikati akiuliza wanacheka nini. Hatusemi simu zitupwe. Katika simu hizo hizo vipindi kadhaa vya zamani vya Vitimbi na Vioja Mahakamani vinapatikana kwenye YouTube. Mwombe kijana wako akutafutie kimoja, akiunganishe na televisheni kama inawezekana, kisha mwite bibi na babu waje. Watoto watauliza kwa nini picha ina chenga na kwa nini suruali za watu ni pana hivyo. Waache wazee wawaeleze.

Na kama katika kanisa au mtaa wenu yuko mzee aliyewahi kuwafurahisha watu, awe alikuwa mwigizaji, mwalimu wa kwaya, mpiga kinanda au yule mama aliyekuwa akifunga vibwebwe na kuongoza ngoma za harusi, kikundi chenu cha akina mama kimtembelee mwezi huu. Msiende na sukari na unga pekee. Nendeni na muda. Mwulizeni habari za siku zile, na mnapoongea naye mtazame anavyomimina chai. Ikimwagikia kando ya kikombe, mmoja wenu ajitolee kumpeleka kliniki ya macho Jumatatu.