Shehena, Ngazi na Kundi: Istilahi za Kukinga Maghala na Moto

Kanuni za kukinga maghala na moto ni miongoni mwa maandishi yamfikiayo mtafsiri yakiwa yamekwisha kukubaliwa na wahandisi na wenye bima, naye hutakiwa ayavike Kiswahili tu, tena upesi. Kwa mtazamo wa kwanza kazi hiyo ni nyepesi, kwani maneno yake ni ya kila siku: bidhaa, katoni, daraja, maji. Lakini ugumu umo humo humo katika wepesi. Neno la kila siku huingia katika kanuni likiwa limebebeshwa maana nyingine, na mtunza ghala asomaye tafsiri hutenda kama neno lilivyomwambia. Katika makala haya tunakusudia kuyatazama baadhi ya maneno hayo na kupendekeza yale tuyaonayo kuwa yanafaa.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Chini ya paa la ghala hufungwa mabomba yenye vinyunyizio vingi, na aghalabu kila kinyunyizio huzibwa kwa kichupa cha kioo chenye kimiminiko ndani yake. Joto likipanda, kichupa hupasuka na maji hutoka. Kichupa chekundu hupasuka kwenye nyuzi 68 za Selsiasi, na cha kijani kwenye nyuzi 93. Hufunguka kile tu kilichofikiwa na joto, wala si vyote kwa pamoja kama sinema zipendavyo kuonyesha. Swali la mhandisi, basi, ni hili: yamwagwe maji kiasi gani juu ya kila mita ya mraba kwa kila dakika? Jibu halipatikani kwa kulipima ghala peke yake. Hutegemea ni kitu gani kimewekwa, kimefungwaje, na kimepangwa kwa kimo gani. Vinyunyizio vilivyokadiriwa kwa misumari haviyamudu magodoro ya sponji, ijapokuwa paa ni lile lile na bomba ni lile lile.

Kanuni iliyoenea zaidi katika jambo hili ni ile nambari 13 ya Chama cha Taifa cha Kukinga Moto cha Marekani, chama kilichoasisiwa mwaka 1896. Kanuni hiyo hugawa vitu vya ghalani katika sehemu nne, I hadi IV, na juu ya hizo huweka plastiki katika makundi A, B na C. Hapo ndipo mtafsiri aanzapo kujikwaa.

Neno la kwanza ni lile ambalo wengi hulifasiri kuwa 'bidhaa'. Katika kanuni, kinachoainishwa si bidhaa peke yake. Ni bidhaa pamoja na kifungashio chake na paleti iliyoibeba, vyote vikihesabiwa kuwa kitu kimoja. Misumari ndani ya katoni ya kawaida, juu ya paleti ya mbao, imo katika sehemu ya I. Misumari ile ile ikitiwa katika masanduku ya mbao nzito huhamia sehemu ya II. Na mwenye ghala akiziacha paleti za mbao, akanunua za plastiki, kanuni huipandisha ile jumla sehemu moja juu, au mbili ikiwa plastiki hiyo imeimarishwa. Misumari haikubadilika hata mmoja! Msomaji aliyeambiwa kwamba kinachoainishwa ni 'bidhaa' atajibu kwa haki kabisa kwamba bidhaa yake ni chuma, na chuma hakiwaki. Atazibadilisha paleti bila kumwuliza mtu, na mabomba yaliyo juu ya kichwa chake yatakuwa yamepungukiwa na maji tangu siku hiyo.

Tumelipima neno 'mzigo', ambalo lina sifa njema ya kutaja kitu pamoja na kamba zake. Mchukuzi wa bandarini hatenganishi kilichomo na gunia. Hata hivyo mzigo una kazi nyingine katika fani hii hii, kwani wahandisi husema 'mzigo wa moto' wakikusudia jumla ya joto liwezalo kutolewa na vyote vilivyomo jengoni. Tunapendekeza, kwa hiyo, neno shehena. Asili yake ni chomboni, nako maana yake ni vitu kama vilivyopakiwa, si kama vilivyotoka kiwandani. Bidhaa ibaki kuwa kile kinachouzwa. Shehena iwe kile kinachosimama ghalani.

Neno la pili ni 'daraja'. Kila aliyewahi kupanda treni ajua kwamba daraja la kwanza ni bora kuliko la tatu. Katika kanuni yetu mambo ni kinyume: I ni hatari ndogo kuliko zote, na IV ni kubwa zaidi. Afisa atakayesoma kwamba shehena yake ni ya 'daraja la nne' huenda akadhani ameambiwa kwamba ni hafifu, haina uzito wa kumkosesha usingizi. Kwa sababu hiyo twaona bora kusema ngazi. Ngazi ya kwanza ndiyo iliyo karibu na ardhi, na apandaye hujua kwamba akianguka kutoka ya nne ataumia zaidi. Vitabu, samani za mbao na nguo za pamba vimo katika ngazi ya tatu. Zikichanganyika na plastiki kali kwa kiasi fulani, shehena hizo hupanda ngazi ya nne.

Kana kwamba hilo halitoshi, herufi za plastiki huenda upande mwingine. Nambari hupanda pamoja na hatari, herufi hushuka. Kundi A ndilo kali kuliko yote, nalo lina polyethilini, polypropilini, polystirini na polyurethani: yaani ndoo, madumu, mabeseni na magodoro. Kundi C, lenye mabomba magumu ya PVC, huhesabiwa pamoja na mbao na karatasi. Sababu yake si fumbo. Kilo moja ya polyethilini ikiungua hutoa joto lipatalo mara mbili na nusu ya lile litolewalo na kilo moja ya mbao. Mtafsiri hana ruhusa ya kugeuza herufi za watu, lakini aliache neno kundi kwa plastiki peke yake, asilichanganye na ngazi. Tuonye pia kwamba kanuni ya Ulaya, EN 12845, ina sehemu zake I hadi IV, na IV yake huzipokea hata plastiki zenye povu, ambazo kwa Wamarekani ziko juu ya IV. Nambari ni moja, maana ni mbili. Atajaye ngazi na aitaje kanuni pia.

Katika majina ya plastiki zenyewe, mazungumzo yetu yana mtego wa peke yake. Kwa Kiswahili cha sokoni 'nailoni' ni ule mfuko mwepesi na ile karatasi ya kufunikia, na hizo kwa kweli ni polyethilini, kundi A. Nailoni ya mkemia ni kundi B. Vivyo hivyo 'mpira' wa kumwagilia bustani mara nyingi si mpira wa mtini, bali ni plastiki. Mtumishi anayejaza fomu ya bima kwa lugha ya sokoni ataiandika shehena yake pasipo pake, naye hakusema uongo. Fomu za namna hii ziulize kitu kinachoonekana (ndoo? mfuko? godoro?), kisha mhandisi ndiye atafute jina la kikemia.

Maneno mengine Kiswahili kinayo tayari, tena mazuri kuliko ya wenyewe. Plastiki iliyojazwa hewa kama sponji tuiite plastiki iliyoumuliwa. Kila apikaye maandazi ataelewa, na ataelewa pia kwa nini moto hupenya upesi katika kitu kilichoumuka. Shehena iliyovikwa plastiki pande zote na juu, hata maji yakateleza yasiingie ndani, imefunikwa gubigubi. Nafasi iachwayo baina ya shehena na shehena rafuni, ambayo moto hupandia na maji hushukia, ni mwanya; haifai kuiita dohani, maana mtunza ghala hatajiona mkosaji akiiziba dohani asiyoiona popote.

Zipo shehena zilizo nje ya ngazi zote. Mwezi Juni 1982, ghala kubwa la maduka ya K mart huko Falls Township, Pennsylvania, liliteketea ingawa lilikuwa na vinyunyizio na kuta za kuzuia moto. Humo mlikuwa na mikebe ya kupulizia yenye vimiminiko vya petroli, nayo ilipopasuka iliruka huku ikiwaka na kuusambaza moto. Baadaye mikebe ya aina hiyo ilitungiwa kanuni yake mbali. Kwa hizo twasema shehena za kanuni maalumu, wala si 'ngazi ya tano'.

Limebaki jina la chombo chenyewe. Tumeona mahali pengi pameandikwa 'kinyunyizio cha moto'. Kwa sarufi yetu hicho ni chombo kinyunyizacho moto, kama vile kinyunyizio cha dawa kinyunyizavyo dawa. Iandikwe kinyunyizio cha kuzimia moto, na baada ya kutajwa mara ya kwanza 'kinyunyizio' chatosha. Katika vitenzi pia tusichanganye: kitu hushika moto, kisha huwaka, kisha huungua, mwisho huteketea. Chuma hakiwaki, lakini ghala la chuma huweza kuteketea. Na katoni iliyokwisha kushika moto bado yaweza kuokolewa. Kanuni ikisema kwamba kazi ya vinyunyizio ni kuudhibiti moto, mtafsiri asiandike kuuzima: wazima-moto wanaoingia ndani wanahitaji kujua ni lipi kati ya hayo mawili walilotengenezewa.