KIJITI, KIVULI NA KIBLA



Watoto wetu wengi husoma shule asubuhi na chuoni alasiri, na katika nafsi zao huigawa elimu mafungu mawili: hii ya dunia, hii ya akhera. Siku moja hapa Masasi kijana mmoja, aliyekuwa akihangaika na hesabu za pembetatu alizopewa shuleni, alituuliza, "Mwalimu, hesabu hizi zitanifaa nini mbele ya Mwenyezi Mungu?" Wenziwe wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa hatukuwa na jawabu la kumpa. Jawabu tulilipata baadaye, nalo tulilipata katika kosa letu wenyewe.

Kosa lilikuwa hili. Mwishoni mwa mwezi wa Juni tulitaka kuweka safu za sala katika uwanja wa chuo. Tulitazama jua linapotua, tukasema hapo ndipo magharibi. Tukaiweka magharibi mkono wa kushoto, na mbele ya nyuso zetu tukasema ndiko kaskazini, nako ndiko Makka. Tukapanga mawe, tukasali. Tulisahau kwamba jua halitui mahali pamoja mwaka mzima. Mwishoni mwa Juni, katika nchi yetu hii, hutua kiasi cha digrii 24 kaskazini ya magharibi halisi. Hivyo safu zetu zilipotoka kwa takriban digrii 22 upande wa mashariki. Maana yake ni kwamba katika kila mita 10 za kwenda mbele, tuliiacha kibla kando kwa mita 4. Nasi tumeamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 144, tuelekeze nyuso zetu upande wa Msikiti Mtukufu. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafii kuielekea Kaaba yenyewe ni jambo zito.

Kabla ya kueleza jinsi kosa hilo lilivyofichuka, yafaa tueleze somo lililolifichua, ili kila mzazi aweze kulifundisha nyumbani kwake.

Pembetatu mraba ni ile yenye pembe moja iliyonyooka kama kona ya daftari. Kanuni yake ni fupi. Zidisha kila ubavu mfupi kwa nafsi yake, kisha jumlisha. Jumla hiyo ni sawa na ubavu mrefu uliozidishwa kwa nafsi yake. Tulipoiandika ubaoni, watoto waliikariri bila ya kuielewa. Basi tukawatoa nje, kwenye shamba la mikorosho. Tukawaamuru waende hatua 80 kwa kufuata mpaka, wakunje kona, waende hatua 60. Kisha warudi walikoanzia kwa kukata katikati ya shamba. Wakahesabu hatua 100. Njia ya mpakani ilikuwa hatua 140, ya mkato 100. Miguu yao ikawa imeijua kanuni kabla ya vichwa vyao.

Kutoka hapo tukaingia katika mambo mengine ya kila siku. Ngazi ya mita 5, ikiwekwa mguu wake mita 1.4 kutoka ukutani, itafika juu mita ngapi? Jawabu ni mita 4.8. Tukachukua ramani: Newala iko mashariki ya Masasi kwa kiasi cha kilomita 53, na kusini kwa kiasi cha kilomita 24. Ndege angeruka kilomita ngapi? Wakapata 58. Barabara ni ndefu kuliko hapo, kwa kuwa haina budi kupinda na kuipanda miteremko ya uwanda wa Makonde. Mtoto aliyepata kuipanda miteremko hiyo kwa mguu haulizi tena kwa nini ubavu wa mteremko ni mrefu kuliko ubavu wa tambarare.

Kisha tukamwita fundi mwashi. Alikuja na kamba yake, akapima futi 3 upande mmoja wa kona ya msingi, futi 4 upande wa pili, akasema, "Kutoka alama hii mpaka ile zikitimia futi 5, kona imenyooka, zikipungua au zikizidi, nyumba itakwenda upande." Watoto wakatazamana. Tatu mara tatu ni tisa, nne mara nne ni kumi na sita, jumla ishirini na tano, nayo ni tano mara tano. Fundi yule alikuwa akiitumia kanuni ile miaka yote bila ya kuiita kwa jina lake.

Sasa turudi kwenye safu zetu. Mara mbili kila mwaka jua husimama juu ya Kaaba hasa. Hutokea tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 adhuhuri kwa saa zetu, na tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27. Katika mwaka mrefu, ule ambao Februari ina siku 29, tarehe hizo hurudi nyuma siku moja. Wakati huo Makka kitu kilichosimama wima hakina kivuli, na mtu wa Masasi anayelielekea jua ameielekea Kaaba.

Tarehe 28 Mei ya mwaka uliofuata tulisimamisha kijiti cha sentimita 100 juu ya ardhi tambarare, tukakinyoosha kwa timazi. Saa ilipotimia, tukatia alama kwenye ncha ya kivuli. Tukavuta uzi kutoka ncha hiyo hadi chini ya kijiti, tukauendeleza mbele. Hiyo ndiyo kibla. Uzi ulipita mbali na mawe yetu, na yule kijana aliyetuuliza ndiye aliyeushika. Hakusema neno. Tuliwaambia watoto na wazazi wao kwamba tulikosa, tukayang'oa mawe mbele yao, na suala la sala zilizopita tukalipeleka kwa wanavyuoni. Kukiri kosa kulitutia haya, lakini mwalimu anayeficha kosa la kibla atafundisha nini kingine?

Kijiti hakikuishia hapo. Kivuli kilikuwa sentimita 63. Watoto wakahesabu ubavu mrefu, wakapata sentimita 118. Wakaupima kwa uzi kutoka ncha ya kijiti hadi ncha ya kivuli, ukawa huo huo. Wakaichora pembetatu ile daftarini, wakapima pembe ya juu, iliyo kati ya kijiti na uzi: digrii 32. Kwa kuwa miali ya jua hutufikia sambamba, na Makka wakati huo haikuwa na kivuli, pembe hiyo ndiyo sehemu ya mviringo wa dunia iliyo baina yetu na Makka. Mviringo mzima ni digrii 360 na kilomita 40,000. Digrii 32 basi ni kilomita 3,556, nayo yakaribiana sana na vipimo vya ramani. Mtoto wa Masasi ameipima njia ya Makka kwa kijiti!

Haya si mageni kwa Waislamu. Abul Wafa al-Buzjani, aliyezaliwa mwaka 940 na kufanya kazi Baghdad, aliandika kitabu cha kuwafundisha mafundi hesabu za maumbo. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, katika nchi iitwayo leo Pakistani. Akapima jinsi upeo wa macho unavyoinama, na kwa pembetatu mraba akaukadiria ukubwa wa dunia. Aliandika pia kitabu juu ya kupima mahali pa miji, na mojawapo ya makusudio yake lilikuwa kuipata kibla ya mji wa Ghazna. Nasi Masasi tumezungukwa na milima ya mawe. Vijana wetu huipanda kwa mchezo tu.

Wako watakaosema kwamba simu za leo huonyesha kibla. Ni kweli, wala si vibaya kuzitumia. Lakini dira huvurugwa na chuma kilicho karibu, na sindano ya sumaku haielekei kaskazini halisi. Kivuli hakivurugwi na chuma. Suratul Furqan, aya ya 45, yatutanabahisha juu ya kivuli na jua lililofanywa kuwa dalili yake.

Basi enyi wazazi, ziandikeni tarehe hizo mbili ukutani. Siku ikifika, wakusanyeni wavulana na wasichana uani, mpeni kila mmoja kazi: huyu kijiti, huyu timazi, huyu saa, huyu uzi. Kwetu Masasi mtaikuta kibla imeelekea karibu kaskazini halisi, ila kwa kila hatua 100 mbele, hatua 3 mashariki. Hizo hatua 3 ndizo tulizomjibu yule kijana.

Wabillahi tawfiq.