Paka mwenye nyumba na mbwa mudogo mugeni: namna ya kuwazoeza

Kabambare, mbwa mudogo hafiki nyumbani kwa sherehe. Anatoka kwa ndugu wa kijiji kingine, amefungiwa ndani ya kitunga nyuma ya piki-piki, analia njia yote. Anawekwa chini katikati ya kiwanja, watoto wanapiga kelele, kila mumoja anataka kumubeba. Na pale juu ya dirisha la jikoni kuko mwingine anayeangalia mambo hayo bila furaha: paka.

Wengi wetu tunaachia hapo. Tunasema, "watazoeana wenyewe." Pengine wanazoeana kweli. Lakini pengine paka anahama. Anaanza kulala kwa jirani, kiisha anageuka paka wa jirani. Sasa, nyumba yenye muchele ndani ya gunia, mahindi juu ya dari na karanga za mbegu chini ya kitanda itakaa namna gani bila paka? Panya hawakawii kujua kama mulinzi ameondoka. Mbegu zikiliwa mbele ya mvua kuanza, mbwa hawezi kuzirudisha. Mbwa naye ana kazi yake: mbuzi, nyani wa shambani, simbiliki. Nyumba inawahitaji wote wawili, njo maana inafaa kufanya mambo polepole tangu siku ya kwanza.

Watu wanasema paka na mbwa wanachukiana tangu mababu. Ukiwaangalia vizuri utaona ni luga tu hazisikilizani. Mbwa mudogo akitikisa mukia, mara nyingi anatafuta kucheza. Paka akipiga-piga mukia wake huku na huku, amechukizwa. Mbwa akilala chali mbele ya mwenzake anakubali kwamba ameshindwa. Paka akilala chali mbele ya adui anatayarisha kucha za miguu yote mine. Mutoto wa mbwa anasalimia kwa kukimbilia uso wa mwenzake, na kwa paka kukimbiliwa usoni ni vita. Zaidi ya hayo, kitu kinachokimbia, mbwa anakifukuza. Paka akikimbia mara tatu, mara inne, mutoto wa mbwa amekwisha kujifunza muchezo, na muchezo ule ukiingia kichwani, kuutoa ni kazi.

Umri nao una maana. Mbwa anajifunza vizuri zaidi nani ni jamaa yake kati ya juma la 3 na juma la 12 ao 14 la maisha yake. Kwa paka, mulango ule unafungwa mapema, kati ya juma la 2 na la 7 hivi. Kwa hiyo mbwa wa miezi 2 (usimuondoshe kwa mama yake mbele ya hapo) anaweza bado kumupokea paka kama mutu wa nyumba. Paka mukubwa ambaye hajaishi na mbwa, yeye anaomba siku nyingi. Ndiyo sababu anayefungwa kamba ni mugeni, na paka anaachwa huru. Watu wengi wanafanya kinyume: wanamukamata paka, wanamusukuma uso kwa uso na mbwa kusudi "wasalimiane". Majibu yanaonekana kwenye mikono ya yule aliyemushika, na ikiwa bahati mbaya, kwenye jicho la mbwa.

Siku za kwanza, acha harufu itembee mbele ya macho. Mbwa akae fasi moja, ndani ya kizimba ao nyuma ya jikoni penye uzio. Kamata kipande cha kikwembe alicholalia, ukiweke karibu na fasi paka anapenda kulala, siyo juu yake. Cha paka ukipeleke kwa mbwa. Paka akikinusa na kuendelea na mambo yake, hiyo ni hatua. Akifoka na kukiondokea, ngoja tena. Inaweza kuwa siku mbili, inaweza kuwa juma nzima, na hakuna dawa ya kuharakisha.

Kiisha, wakutane wakati wa chakula, na pawe umbali. Barza ni fasi nzuri. Mbwa afungwe kamba fupi upande mumoja, paka aje mwenyewe upande mwingine, mbali kiasi ambacho anamuona mbwa na bado anakula. Ndagala moja kwa huyu, bugali na muchuzi kidogo kwa yule. Dakika tano zinatosha. Kesho yake sogeza sahani hatua moja. Paka akiacha kula umeharakisha. Rudi pale mulipokuwa. Mbwa akikaza macho kwa paka, mwili umekauka, mwite kwa jina na umupe kitu akigeuka. Fimbo haisaidii hapa. Atajifunza tu kwamba paka akionekana maumivu yanakuja, na siku moja atamulipisha paka.

Katika muda huo wote, paka awe na fasi ya juu na njia ya kutoka: kibao, dari, dirisha lisilofungwa. Sahani yake nayo iwekwe juu, maana mutoto wa mbwa ni mwizi asiyeona haya. Usiku, watenganishe, hata kama mchana walikuwa wapole.

Kasongo na Kabambare, ambako Uislamu umekuwako tangu karne ya 19, nyumba nyingi zimekwisha kufanya nusu ya kazi hii bila kujua. Paka anaingia ndani mpaka kwenye mukeka. Mbwa anabaki nje, juu chombo alichokilamba kinapashwa kuoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Basi kila munyama ana inchi yake. Kinachobaki ni kuwafundisha kupitana kwenye kiwanja.

Wawindaji wetu nao wana kitu cha kutusaidia: kengele ya mti ambayo mbwa anavalishwa shingoni. Mbwa wa pori la Kongo habweki sana. Wale ambao Waingereza walianza kuwazalisha kwao katika miaka ya 1930, wakawaita basenji, wanajulikana duniani kwa sababu hiyo. Bila kengele, muwindaji hajui mbwa wake yuko wapi ndani ya majani. Paka naye hajui! Kengele ndogo shingoni mwa mutoto wa mbwa inamupa paka nafasi ya kupanda juu polepole, bila kukimbia, na asipokimbia hafukuzwi.

Watoto wa nyumba waambiwe wazi: hakuna kumutuma mbwa juu ya paka kwa kuchekesha watu. Mara moja ya "shika! shika!" inaharibu kazi ya majuma mawili.

Kuko jambo ambalo siyo la muchezo. Mugeni anaweza kuuma ao kukwaruzwa, na kichaa cha mbwa kinapita ndani ya mate. Duniani, hadi watu 99 kwa 100 wanaopata ugonjwa huu wameupata kwa mbwa, lakini paka pia anaweza kuupata na kuupitisha. Dalili zikisha kuonekana kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo kidonda chochote, hata kidogo, kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha muende kituo cha afya kuulizia chanjo, bila kungojea. Munyama aliyeuma msimuue kwa hasira: mumufunge na kumuangalia siku 10, juu hali yake itawaambia waganga mengi. Mbwa akifika miezi 3, ulizia chanjo yake kwa muganga wa mifugo, na siku hiyo hiyo ulizia ya paka.

Baada ya mwezi mumoja hivi, katika nyumba nyingi, mbwa na paka wanapitana bila kutazamana. Wengine wanafika kulalia gunia moja. Usidanganyike hapo. Mbwa amemujua paka wake. Hajajua paka wote. Akifika miezi sita, saba, na akianza kufwata simbiliki, anaweza kulala karibu na paka wa nyumbani asubuhi na kumuua wa jirani jioni, na kesi inafika kwa chefu wa kijiji. Muda ule, akipita kwenye viwanja vya watu, apite kwenye kamba.