Kubadilisha meno ya difu ya Mustang: Mambo ya kupanga kabla gari halijapanda stendi

Gari lina injini ya V8 na mngurumo wa kutisha, lakini taa zikiwaka kijani linaondoka kama limebeba mzigo. Hapo ndipo wamiliki wengi wa Ford Mustang huanza kuitazama difu ya nyuma: kutoa meno ya kiwandani na kuweka yenye namba kubwa zaidi.

Kazi hii inaweza kubadilisha kabisa tabia ya gari. Lakini ikifanywa ovyo, gari hurudi nyumbani likilia kama filimbi, na seti mpya ya meno hufa mapema. Mara nyingi tofauti huanzia kwenye maandalizi.

Namba hizo zina maana gani?

Ndani ya difu kuna gia mbili kuu. Pinioni ni ndogo na huzungushwa na propela. Kraunwili ni kubwa na hupeleka mzunguko kwenye shafti za magurudumu. Gawanya meno ya kraunwili kwa meno ya pinioni, unapata namba ya difu. Meno 39 kwa 11 ni 3.55. Meno 41 kwa 11 ni 3.73. Meno 41 kwa 10 ni 4.10.

Namba ikipanda, nguvu inayofika kwenye tairi katika kila gia hupanda kwa kiwango hicho hicho. Kutoka 3.55 hadi 3.73 ni ongezeko la karibu asilimia 5 tu. Kutoka 3.55 hadi 4.10 ni zaidi ya asilimia 15.

Hesabu hii ifanywe kabla ya kununua chochote, kwa sababu kazi ya fundi ni ile ile. Anayelipa kufungua difu nzima ili apate asilimia 5 anaweza kuendesha gari na kujiuliza kama kuna kilichobadilika.

Faida ina gharama yake

Chukua Mustang GT ya 2005 yenye giaboksi ya mkono ya gia 5, difu ya 3.55 na tairi za 235/55 R17. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa katika gia ya tano, injini huzunguka karibu mara 2,040 kwa dakika. Ikifungwa 3.73 inakuwa karibu 2,145. Ikifungwa 4.10 inafika karibu 2,360. Kwa safari ndefu hiyo ni kelele zaidi na mafuta zaidi.

Kuna jingine ambalo wengi hulisahau. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000, gia ya pili na difu ya 3.55 hufikisha gari hilo karibu kilomita 110 kwa saa. Kwa 4.10, gia hiyo hiyo huishia karibu kilomita 95. Maana yake, kabla ya kugusa kilomita 100 dereva lazima aingize gia ya tatu, na kila kubadilisha gia kunakula muda. Namba kubwa si lazima iwe kasi zaidi.

Jua kwanza kilichomo ndani

Gari lililopita mikono kadhaa huenda tayari limebadilishwa meno. Difu nyingi za Ford za inchi 8.8, zilizotumika kwenye Mustang za V8 kuanzia 1986 hadi 2014, zina kibati kidogo kilichofungwa kwa bolti ya kava. Kikiandikwa 3L73, maana yake ni namba 3.73, na herufi L inaonyesha difu yenye kufuli ya msuguano, ile Ford inayoiita Traction-Lok.

Kibati kinaweza kuwa kimepotea au kinadanganya. Jibu la uhakika ni kufungua kava na kuhesabu meno.

Mustang za kuanzia 2015, zilizotoka kiwandani pia na usukani wa kulia, ni habari nyingine. Kila gurudumu la nyuma linajitegemea, na kwa kawaida difu hushushwa yote. Kazi huwa ndefu zaidi.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

Gari lililofunguliwa difu haliendi popote. Kukosa sili moja kunaweza kuligandisha gereji wiki nzima. Orodha iwe kamili kabla ya bolti ya kwanza kulegezwa:

• Kraunwili na pinioni za seti moja. Hutengenezwa zikilingana, hivyo kraunwili ya seti hii haichanganywi na pinioni ya seti ile.

• Beringi mpya za pinioni na za pembeni, sili ya pinioni, nati mpya ya pinioni na bolti mpya za kraunwili.

• Bushi ya kubonyea ya pinioni, na bora ziwe mbili. Bushi hii hubonyea nati inapokazwa, na ikizidishwa hairudi. Kulegeza nati si dawa, inawekwa nyingine.

• Shimu, yaani visahani vyembamba vya chuma vya unene tofauti, za kupanga kina cha pinioni na nafasi ya kraunwili.

• Oili ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Kama ni Traction-Lok, iongezwe na dawa yake ya msuguano, la sivyo difu inaweza kugugumia kwenye kona.

• Beringi na sili za shafti za magurudumu. Shafti zitatolewa kwa vyovyote, hivyo huo ndio wakati wa kuzikagua.

Maswali ya kumuuliza fundi

Swali la kwanza: ana geji ya saa? Nafasi kati ya meno ya kraunwili na pinioni hupimwa kwa elfu za inchi, na kwenye difu ya 8.8 mara nyingi huwekwa karibu inchi 0.010, yaani robo ya milimita. Karatasi inayokuja na seti ndiyo ya mwisho. Fundi anayesema anapima kwa mkono hajaipima.

La pili: atapaka rangi kwenye meno na kuonyesha alama za mgusano? Alama zinatakiwa zikae katikati ya jino, si kwenye ncha wala kwenye shina. Picha ya alama hizo ichukuliwe kabla ya kava kufungwa. Gari likilia baadaye, hiyo ndiyo kumbukumbu.

La tatu: vishikizo vya beringi vitawekewa alama ya kulia na kushoto? Kila kimoja lazima kirudi mahali pake. Shimu za zamani nazo zisitupwe, kwani ndizo mahali pa kuanzia vipimo vipya.

Na kabla ya yote, gari likae juu ya stendi imara kwenye sakafu tambarare. Jeki pekee si mahali pa kulaza gari ambalo mtu yuko chini yake.

Spidomita nayo

Kwenye Mustang ya 2005, kompyuta husoma mwendo kutoka kwenye giaboksi. Difu ikibadilika bila kompyuta kuambiwa, spidomita inadanganya. Kwa 4.10, gari likiwa kwenye kilomita 100, mshale utaonyesha karibu 115. Kifaa cha kuprogramu, au fundi mwenye nacho, kipangwe siku hiyo hiyo.

Kilomita za kwanza

Safari ya kwanza iwe ya dakika 15 hadi 20 bila kukanyaga sana, kisha gari lizimwe difu ipoe kabisa. Irudiwe hivyo mara kadhaa. Kwa takriban kilomita 800 hakuna mashindano, hakuna kuvuta tela. Baada ya hapo oili imwagwe na kuwekwa mpya, kwa sababu ile ya kwanza hubeba vumbi la chuma.

Mlio wa kuvuma gari likivuta mafuta, au likiachia, si wa kusubiri uishe wenyewe. Gari lirudi kwa fundi mapema, wakati pengine kupanga shimu upya bado kunatosha.