Mijakaranda inapochanua, shusha presha kwa miguu

Je, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipotembea Nairobi bila haraka? Hatuzungumzii ule mwendo wa kukimbizana na matatu saa kumi na moja jioni, wala ule wa kupanda ngazi kwa sababu lifti imeharibika. Tunazungumzia kutembea kwa ajili ya kutembea tu, mikono ikiwa mitupu na macho yakitazama juu.

Ukitazama juu kati ya Septemba na Novemba utaona zambarau. Huo ndio msimu ambao mijakaranda ya jiji huchanua, na hata yule mtu ambaye kazi yake ni kulalamikia msongamano wa magari husimama kidogo akatazama.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya, ambako watu hujifungia ndani miezi kadhaa kisha wakamiminika bustanini theluji inapoyeyuka. Lakini mkazi wa Nairobi anaijua Julai. Mawingu mazito, kijibaridi cha asubuhi, sweta mbili, na chai ya saa nne na mandazi yasiyohesabika. Mwezi wa Agosti ukiisha, kipupwe hicho hutuaga, jua hurudi, na miti hii iliyoletwa kutoka Amerika Kusini wakati wa ukoloni huvaa maua kuisubiri mvua ya vuli. Hayo ndiyo majira yetu ya kuchipua. Ndiyo pia wakati mzuri wa kuanza jambo ambalo huenda daktari wako amelirudia mpaka akachoka.

Presha haina adabu ya kubisha hodi. Mtu hupanda na kushuka nayo miaka mingi bila kuumwa na kichwa wala kuona kizunguzungu, kisha siku moja anaanguka bafuni, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, na jamaa zake wanaanza kuulizana ni nani aliyemroga. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini alikuwa na presha ya juu. La kusikitisha zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Kwa hivyo, kabla ya kwenda kutazama maua, pita katika zahanati iliyo karibu nawe upimwe. Keti kwa utulivu dakika tano kwanza, na usiende ukiwa umetoka tu kunywa kahawa au kugombana na makanga. Tarakimu zikifika 140 kwa 90 au kupita hapo, na zikarudia kuwa hivyo siku nyingine, una jambo la kuzungumza na daktari. Ziandike mahali.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki. Hesabu hiyo ukiigawa, ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa mwendo wa kukaza kunatosha kabisa. Huhitaji kulipia ukumbi wa mazoezi wala kununua viatu vya bei ya kodi ya nyumba. Utajuaje kwamba mwendo wako ni wa kutosha? Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, hapo umefika. Ukiweza kuimba beti zote, kaza mwendo. Mwenye presha akidumu na mazoezi ya aina hii kwa wiki kadhaa, tarakimu ile ya juu huweza kushuka kwa pointi 5 hadi 8 hivi. Si muujiza, na wala si sababu ya kuacha dawa ulizoandikiwa. Lakini ni punguzo ambalo hulilipii senti.

Sasa twende wapi?

Njia ninayoipenda kuliko zote huanzia katikati ya jiji. Ondoka Kenyatta Avenue, vuka Uhuru Highway kwa uangalifu, na utazame kushoto kwako ilipo Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka wa 1969. Mwaka wa 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani hiyo. Wangari Maathai aliupinga, akatukanwa hadharani na wakubwa wa wakati huo, na mwishowe mpango ukafa. Kila unapomwona mtu amelala chali kwenye nyasi hizo saa saba mchana, akipumzisha mgongo, ujue kivuli anacholalia kilipiganiwa.

Kutoka hapo panda hadi State House Road. Barabara hii, maua yanapochanua, huwa kama imetandikwa busati. Magari ni machache kuliko ya barabara kuu, na hilo ni jambo la afya pia, kwa maana kutembea kando ya msururu wa malori yanayotoa moshi mweusi ni kuyapa mapafu kwa mkono huu na kuyanyang'anya kwa mkono ule. (Tahadhari ndogo: ukipita karibu na Ikulu, acha kamera mfukoni. Askari wa hapo hawana haja ya kujua kwamba ulikuwa ukipiga picha ya maua.)

Mwisho wa safari hiyo ni Arboretum. Bustani hii ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu miti ya kigeni, ionekane ni ipi ingekua haraka na kutoa kuni za garimoshi. Siku hizi ina zaidi ya aina 300 za miti, ya kienyeji na ya kigeni, na mingi ina vibao vya majina. Ukienda na watoto, wape kazi ya kusoma vibao hivyo. Watatembea kilomita mbili bila kujua. Jumamosi na Jumapili utawakuta watu wakiomba kwa sauti chini ya miti, kila mmoja na mti wake. Wapishe, uendelee na mwendo.

Kwa wenye nguvu zaidi ipo Karura, msitu wa hekta 1,000 hivi wenye njia nyingi za kutembea na kuendesha baiskeli, maporomoko ya maji, na mapango ambayo yanasemekana yalitumiwa na wapiganaji wa Mau Mau. Nao pia nusura upotee. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na walinzi walipokwenda kupanda miti katika ardhi iliyokuwa imegawiwa wajenzi, naye akavuja damu kichwani. Miaka hiyo Karura ilitisha, na mama mwenye akili zake hangeingia humo peke yake. Leo msitu umezungushiwa ua na utawakuta humo akina mama wakikimbia na masikio yao yamezibwa na muziki. Anza na njia fupi. Mtu aliyekaa kwenye kiti miezi kumi hafai kuanza na kilomita 15 Jumamosi ya kwanza, kisha Jumatatu ashindwe kushuka ngazi na kuapa kwamba mazoezi ni hatari.

City Park, huko Parklands, ni ya wale wanaopenda kutembea na kufikiri. Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka wa 1965, amezikwa hapo, na kaburi la Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa nchi hii, liko karibu naye. Wenyeji wa siku zote ni kima, na wana tabia mbaya kwa sababu sisi tumewafundisha. Usiwape ndizi wala njugu. Kima akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama kidonda kitapona.

Najua msomaji wa Umoja, Kayole au Dandora ameshaanza kuguna. Ana haki. Ukiitazama ramani ya jiji, karibu miti yote na misitu yote imelundikana upande wa magharibi, na anayeishi mashariki hulipa nauli ili akapumue. Dhuluma hiyo haikuanza leo na haitatatuliwa na makala ya gazeti. Hata hivyo presha haiulizi unaishi wapi. Shuka matatu vituo viwili kabla ya kwako, jioni kabla giza halijaingia, umalizie kwa miguu pamoja na jirani. Mkiwa wawili au watatu ni salama zaidi, na ni vigumu zaidi kumdanganya mwenzako kwamba leo umechoka. Jumapili moja kwa mwezi, panga safari ya familia hadi bustani ya Michuki, kando ya Mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe. Kwa anayetoka Eastlands hiyo haihitaji matatu mbili.

Kuna wasomaji ambao msimu huu kwao ni wa kupiga chafya. Jakaranda hulaumiwa sana, lakini sidhani inastahili lawama zote hizo. Ua lake huchavushwa na nyuki na wadudu wengine, na chavua ya maua kama hayo haisafiri sana hewani. Anayekutoa machozi ana uwezekano mkubwa wa kuwa ni nyasi, ambazo chavua yake hubebwa na upepo, au vumbi na moshi wa jiji. Kama una pumu, usitoke bila inhela yako, na siku ya upepo mkali tembea baada ya mvua kunyesha.

Jua nalo lisikudanganye. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita karibu utosini. Hewa ni baridi, lakini ngozi inaungua. Tembea kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na uvae kofia. Ndugu zetu wenye ualbino wanalijua hili kuliko sisi sote.

Wenye kisukari wavae viatu vilivyofunikwa na soksi, wakague nyayo jioni, na wabebe peremende mfukoni. Wazee waangalie wanapokanyaga, kwani yale maua mazuri yaliyotapakaa chini huteleza kama ganda la ndizi yakilowa, na mara nyingi huwa na nyuki ndani. Mtoto asiyachezee bila viatu. Na yeyote akihisi kifua kikibana, au maumivu yakielekea mkono au taya, asimame na apelekwe hospitali mara moja.

Mvua za Novemba zikishika, miti itabaki kijani na zambarau yote itakuwa mtaroni. Kuanzia Jumamosi hii una wiki nane hivi. Zikiisha, rudi kwenye zahanati ile ile, keti dakika tano, upimwe, kisha utoe ile karatasi uliyoandika tarakimu za kwanza.