Gari Dogo la Umeme na Mahali Linapolala

Swali la kwanza ambalo mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi huuliza kuhusu gari dogo la umeme ni kilomita ngapi linaweza kwenda kabla chaji haijaisha, na kwa kuwa magari mengi ya aina hiyo yaliyotumika, yanayoletwa kutoka Japani, hujibu kwa kilomita 100 au 150, mazungumzo mara nyingi huishia hapo. Swali hilo limerithiwa kutoka kwenye gari la petroli, ambalo hujazwa tangi mara moja na kutumika siku kadhaa mpaka taa ya mafuta iwake. Gari la umeme hujazwa kidogo kidogo wakati mwenyewe amelala, kama inavyojazwa simu ya mkononi, na kwa sababu hiyo kufaa kwake kwa dereva wa kawaida huamuliwa zaidi na mahali linapolala usiku, na hali ya betri yake siku linaponunuliwa, kuliko umbali wa juu kabisa linaoweza kufika.

Mfano mzuri wa kupimia hoja hii ni Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa Japani na Marekani mwezi Desemba 2010 na ambalo, kwa kuwa lina usukani wa kulia na hupatikana kwa wingi katika soko la magari yaliyotumika, ndilo gari la umeme lililotangulia kujulikana katika barabara nyingi za Afrika Mashariki. Uwezo wa betri yake hutajwa kwa kilowati-saa, kipimo ambacho kila mtumiaji wa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, anakifahamu kwa jina jingine, kwa maana kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya umeme. Leaf za mwanzo zilikuwa na betri ya uniti 24, zikafuatwa na za uniti 30 na baadaye, tangu mwaka 2017, za uniti 40. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Leaf ya kwanza ikiwa mpya ilikwenda kilomita 117, ya uniti 30 ilikwenda kilomita 172, na ya uniti 40 ilikwenda kilomita 243. Namba zinazoandikwa kwenye matangazo ya Kijapani huwa kubwa zaidi, kwa sababu utaratibu wa zamani wa kupima wa nchi hiyo ulikuwa mpole mno kwa gari, na mnunuzi mwenye busara huziweka kando.

Namba hizo zinapata maana zinapowekwa juu ya safari halisi. Dereva wa Dar es Salaam anayeishi Tegeta na kufanya kazi Posta husafiri takriban kilomita 25 kwenda na 25 kurudi, na akiongeza kupitia shuleni na sokoni siku yake hufika kilomita 60. Gari la ukubwa wa Leaf, katika mwendo wa mjini na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hutumia uniti 15 hivi kwa kilomita 100, zikiwemo zile zinazopotea kama joto wakati wa kuchaji, kwa hiyo siku hiyo nzima hugharimu uniti 9. Kwa bei ya umeme wa kawaida wa majumbani nchini Tanzania, ambayo pamoja na kodi na tozo ni takriban shilingi 356 kwa uniti, hizo ni kama shilingi 3,200. Gari dogo la petroli la aina ya Toyota IST, likitumia lita 8 kwa kilomita 100 kwenye foleni na lita ikihesabiwa kwa shilingi 2,900, lingemaliza karibu shilingi 14,000 kwa mwendo ule ule, na tofauti hiyo, ikizidishwa kwa siku 22 za kazi, inazidi shilingi 230,000 kwa mwezi.

Hesabu hiyo ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji. Kaya inayotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi hulipa bei nafuu iliyowekwa kwa wateja wadogo, na gari linalokula uniti 200 kwa mwezi litaiondoa kaya hiyo katika kundi hilo, hivyo hata umeme wa taa, feni na friji utaanza kulipiwa kwa bei ya kawaida. Nyongeza hiyo, ambayo ni shilingi elfu kumi na kadhaa kwa mwezi, haifuti faida ya gari, lakini mnunuzi anastahili kuijua mapema. Nchini Kenya mambo yalichukua mkondo mwingine mwaka 2023, pale ilipoanzishwa bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, ambayo ni shilingi 16 za Kenya kwa uniti na nusu yake katika saa ambazo matumizi ya umeme nchini ni madogo, kabla ya kodi na tozo nyingine. Kuipata kunahitaji mita ya pekee.

Foleni, ambayo ni adha kwa kila dereva, ndiyo mahali ambapo gari la umeme huonyesha ubora wake wa kiufundi. Injini ya petroli huendelea kuunguruma na kuteketeza mafuta hata gari lisiposogea, ilhali mota ya umeme hainywi chochote gari linaposimama, na kinachotumika ni umeme mdogo wa kiyoyozi, redio na taa. Zaidi ya hapo, dereva anapoachia kanyagio au kukanyaga breki taratibu, mota hugeuka kuwa jenereta, ikazalisha umeme kutokana na mwendo wa magurudumu na kuurudisha kwenye betri, jambo linaloitwa breki ya kurejesha nishati. Matokeo yake ni kwamba gari hili, kinyume kabisa na la petroli, hutumia nishati kidogo zaidi kwa kilomita katika mwendo wa pole wa mjini kuliko katika mwendo wa kasi wa barabara kuu, na pedi zake za breki hudumu muda mrefu.

Jambo la mahali pa kulala linahitaji kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndilo linalowatenga wanaofaa kuwa na gari hili na wasiofaa. Soketi ya kawaida ya ukutani, yenye matundu matatu, huweza kulisha gari kwa usalama takriban ampea 10 kwa saa nyingi mfululizo, sawa na kilowati 2.3, na kwa kasi hiyo uniti 9 za safari ya Tegeta na Posta hurudi kwa saa nne, kuanzia saa nne usiku hadi saa nane. Kasi hiyo, ambayo huonekana ndogo kwa aliyezoea kujaza tangi kwa dakika tano, inamtosha kabisa mtu ambaye gari lake husimama nyumbani kwa saa kumi. Kinachotakiwa ni soketi yenye waya wake wa pekee kutoka kwenye sakiti breka, unene wa waya unaofaa, na ethi inayofanya kazi, yaani waya unaoupeleka ardhini umeme uliovuja badala ya kuuacha upite mwilini mwa mtu. Ekstensheni nyembamba iliyopitishwa dirishani, ambayo haikuundwa kubeba mzigo wa saa nne mfululizo, hupata moto, huyeyuka na huweza kuunguza nyumba. Kebo inayokuja na gari kutoka Japani nayo ni ya kutazamwa, kwa sababu umeme wa majumbani huko ni wa volti 100 au 200 na plagi zake ni tofauti, na fundi umeme mwenye cheti ndiye anayepaswa kusema kama kebo hiyo inafaa kwa volti 230 au inunuliwe nyingine.

Kwa mpangaji wa ghorofa anayeegesha gari nje ya geti, au kwa familia inayoishi nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya LUKU inayochangiwa na wapangaji wote, uwezekano huo haupo, na hakuna ubora wa gari unaoweza kuufidia. Vituo vya kuchaji kwa haraka, vinavyopeleka mkondo mnyoofu moja kwa moja kwenye betri bila kupitia kigeuzi kilichomo ndani ya gari, bado ni vichache, na Leaf hutumia plagi ya Kijapani iitwayo CHAdeMO ambayo magari mapya mengi ya China na Ulaya hayaitumii, kwa hiyo hata kituo kinapopatikana huenda plagi isiingie. Gari dogo la umeme lisilo na soketi ya nyumbani humfanya mwenyewe mtumwa wa kutafuta chaji, na mtu wa namna hiyo anafanya vyema kubaki na petroli kwa sasa.

Kukatika kwa umeme huogopwa kuliko inavyostahili. Betri inayobeba mwendo wa siku mbili huvumilia usiku mmoja wa giza, na pampu za petroli nazo huhitaji umeme. Aidha, bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza kati ya tisa ulianza kazi mwaka 2024 na ambalo uwezo wake wote ni megawati 2,115, limepunguza uhaba wa umeme uliokuwa ukileta mgao, ingawa hitilafu za nguzo na transfoma za mitaani zinaendelea.

Hali ya betri ndiyo sehemu nyeti zaidi ya ununuzi. Betri ya lithiamu huchakaa kwa kutumika, kwa umri na kwa joto, na Leaf, tofauti na magari mengi ya umeme, haina mfumo wa kupooza betri kwa kimiminika, bali hutegemea hewa inayoizunguka. Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 2012 katika jimbo la Arizona, lenye jangwa, ambako wenye magari waliona uwezo wa betri ukishuka mapema, na baadaye kampuni ikaleta betri yenye kemia inayovumilia joto zaidi. Kwa Afrika Mashariki maana yake ni kwamba gari lile lile litazeeka polepole zaidi Nairobi, mji ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kuliko Mombasa au Dar es Salaam, na mkazi wa pwani ana sababu ya kuliegesha kivulini na kutoliacha likiwa limejaa kabisa kwa siku nyingi. Kwenye dashibodi ya Leaf, pembeni mwa kipimo cha chaji, kuna vistari 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri: kistari cha kwanza huzimika betri inapopoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata humaanisha asilimia 6 hivi. Gari la uniti 24 lililobakiwa na vistari tisa halitazidi sana kilomita 80 kwa chaji moja, kiasi ambacho bado kinaibeba safari ya kilomita 60, lakini kwa akiba ndogo inayoendelea kupungua kila mwaka.

Sheria za kuingiza magari hazikuandikwa kwa kuzingatia uchakavu huu wa betri. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu kwa magari ya umri huo na kuendelea, huku dhamana nyingi za betri za viwandani zikikoma kwenye mwaka huo wa nane au kilomita 160,000. Gari hufika bandarini pale dhamana inapoisha, na hata kama ingekuwa hai, ilitolewa kwa mnunuzi wa Japani. Cheti cha afya ya betri, kilichosomwa kwa kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, kingemlinda mnunuzi kuliko mwaka wa kuundwa unaoandikwa kwenye kadi.

Upande wa matengenezo una wepesi na uzito wake. Gari la umeme halibadilishwi oili ya injini wala mkanda wala chujio la mafuta, na matairi na shokomzoba zake hushughulikiwa na fundi yeyote wa mtaani, lakini betri hubeba volti mia tatu na zaidi, ambazo huua, na haifunguliwi chini ya mwembe. Nairobi ilipata kuona magari haya yakifanya kazi ngumu tangu mwaka 2018, pale huduma ya teksi ya Nopea Ride ilipoanza kuyatumia pamoja na vituo vyake yenyewe vya kuchaji. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2022 kwa sababu za mtaji, na funzo linalobaki ni kwamba gari lenye mahali pake maalumu pa kuchaji linaweza kubeba abiria siku nzima.

Magari yanayofuata yanathibitisha kwamba betri ndogo ni uamuzi wa makusudi. Nissan Sakura, lililotoka mwaka 2022, ni la daraja la kei, yaani magari ya Kijapani yasiyozidi urefu wa mita 3.4, ambalo Watanzania walilizoea kupitia vigari vya mizigo viitwavyo kirikuu. Betri yake ni ya uniti 20 na mwendo wake rasmi ni kilomita 180. Betri ndogo hupunguza bei na uzito, hujaa usiku mmoja kwenye soketi ya kawaida, na siku ya kuibadilisha haimfilisi mwenyewe.

Anayefaa kulinunua gari hili sasa, basi, ni mwenye uwanja na soketi yake, ambaye safari yake ya kila siku haizidi nusu ya uwezo wa betri. Safari ya Desemba kwenda Moshi, inayozidi kilomita 500, si kazi yake, na nauli ya basi kwa familia nzima hulipwa na akiba ya petroli ya miezi michache. Kwa wengine wote, kufaa kwa gari hili kutategemea wajenzi wa nyumba za kupanga na halmashauri zinazopitisha ramani zake, kwa kuwa waya mmoja unaofikishwa kwenye maegesho wakati nyumba inajengwa hugharimu kidogo kuliko kubomoa ukuta baadaye. Mnunuzi naye na aanzie hapo hapo: kabla hajakwenda kuliona gari, amwite fundi umeme aukague ukuta ambao litalala kando yake.